Meza ya Kukatia: Kinjia cha Mbuzi na Shati la Khanga

Mbukwenyi wasomaji wangu. Upepo wa Dodoma umerudi. Leo asubuhi nimefungua mlango wa banda langu hapa nyuma ya soko la Majengo, karatasi za patani, zile ninazokatia nguo, zikapaa kama njiwa. Sasa kila moja imelala mezani na jiwe juu yake. Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa, nimechukua nne. Mbili majibu yake ni mafupi. Mbili nimekaa nazo usiku kadhaa.

*Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni binti wa miaka 23, nashona hapa Nkuhungu. Nilisomea ushonaji miaka miwili, sasa nimeajiriwa na fundi mwenye cherehani nne. Kila mteja anakuja na picha kwenye simu: "Nitolee huu huu." Nawatolea, na hawalalamiki. Lakini mimi nina mishono yangu kichwani. Kuna gauni moja halinitoki akilini. Lina mstari mmoja tu unaoanza bega la kushoto, unakatiza kifuani, unaishia nyonga ya kulia, kama kile kinjia cha mbuzi kinachopanda mlima nyumbani kwetu Mvumi. Nilijaribu kulikata likanishinda. Kifuani upande mmoja lilijaa upepo, upande mwingine likabana. Bosi wangu akaniambia niache kubuni, nishone. Je, kubuni ni kipaji cha kuzaliwa nacho? — Binti wa Nkuhungu*

Marahaba mwanangu. Tuanze na gauni, bosi wako tutamfikia.

Nimeisoma barua yako nikiwa na penseli mkononi, nikauchora mstari kama ulivyoueleza, na kosa likajitokeza lenyewe. Ulitaka gauni safi lenye mstari mmoja, kwa hiyo ukazifuta dati za ubavuni. Sasa fikiria: kitambaa ni bapa, kifua si bapa. Dati, yaani ule mkunjo uliochongoka tunaoushona kutoka ubavuni kuelekea kifuani, ndiyo inayokigeuza kitambaa kuwa bakuli. Ukiifuta, bakuli limekwenda, na nguo itahangaika kutafuta pa kujishikiza, huku ibane, huku ijae upepo. Dati huwezi kuifuta. Unaihamisha.

Fanya hivi. Chukua patani mama yako. Kama huna, acha mengine yote uitengeneze wiki hii. Ni blauzi ya kufika nyonga isiyo na kola, isiyo na mikono, isiyo na urembo wowote, iliyokatwa kwa vipimo vyako wewe, ikashonwa kwa amerikani, kile kitambaa cha pamba kisicho na rangi, na kurekebishwa mpaka ikakukaa. Kifuani ongeza inchi 2 za kupumulia. Patani za karatasi zenye saizi, ambazo fundi mmoja aitwaye Ebenezer Butterick alianza kuziuza Marekani mwaka 1863, zimewasaidia watu wengi sana, na ukizipata zitumie. Ila zinakatwa kwa mwili wa wastani, na kwa kazi unayotaka kuifanya unahitaji patani ya mwili unaoujua kwa mikono yako.

Wengi wetu tunachora nusu ya mbele, tunakunja kitambaa, tunakata mara moja pande zote mbili. Mstari wako haukubali hilo, kwa sababu kushoto na kulia havifanani. Chora mbele nzima kwenye karatasi ya kaki, uweke alama ncha mbili za kifua. Kisha vaa ile blauzi ya amerikani, simama mbele ya kioo, mwambie mwenzako auchore mstari kwa kalamu ukiwa umeivaa. Usiuchore mezani. Mezani mkono unapenda rula, na kinjia cha mbuzi hakina rula: kinazunguka jiwe, kinalala kidogo, kinapanda tena. Ukiwa umesimama utaona penyewe panapotaka kuzunguka. Vua, hamishia mstari kwenye karatasi.

Utakuta unapita karibu na ncha ya kushoto. Usogeze upite juu yake, au pembeni yake kwa nusu inchi, isizidi. Kata karatasi kwenye mstari kutoka begani mpaka kwenye ncha, kata na mguu mmoja, yaani mstari mmoja wa mshono, wa dati ya ubavuni mpaka hapo hapo kwenye ncha, kisha ifunge ile dati kwa gundi. Tazama kinachotokea: karatasi inafunguka yenyewe kwenye mstari wako. Dati imeingia ndani ya mstari na hakuna atakayeiona tena. Mimi nimefanya hivyo kwa miaka mingi, na mpaka leo mwanya ule ukifunguka huwa natulia kidogo kuutazama.

Upande wa kulia una kazi zaidi, kwa sababu mstari unapita chini ya ncha, mbali nayo. Hapo chora kitawi kifupi kutoka ncha ya kulia kishuke mpaka kiuguse mstari mkuu. Kikate, funga dati ya ubavuni ya kulia, na mwanya utafunguka kwenye kitawi. Utaushona kama dati fupi inayochipuka kutoka kwenye mstari. Uishie inchi 1 kabla ya ncha, la sivyo nguo itachongoka kama paa la msonge. Kile kitawi usikione kuwa kiraka cha kosa. Njia ya mbuzi ina vichepuko vyake. Katika barua yako hukukitaja, lakini gauni limekudai, kwa hiyo lipe.

Kabla hujagusa kitambaa, andika kwenye kila kipande cha karatasi: JUU, KUSHOTO au KULIA, na mshale wa uzi, unaoonyesha mtande wa kitambaa (nitaueleza hapa chini). Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini nilikata gauni la bibi harusi mtarajiwa, la kuvaa siku ya kutolewa mahari, satini ya zambarau yenye mstari wa kukatiza kama wako. Nilikitandaza kitambaa uso ukitazama chini, nikapanga karatasi zangu uso juu, nikakata. Nilipoinua vipande, mstari ulikuwa umegeuka: ulianza bega la kulia. Upande unaong'aa ulikuwa ndani. Hapakuwa na namna ya kuurudisha. Nilinunua satini nyingine kwa fedha yangu, nikashona usiku kucha, na dada yule alivaa. Tangu siku hiyo karatasi yangu haiendi mezani bila maandishi. Kitenge cha nta kinasamehe kidogo, kwa sababu rangi yake imepenya pande zote mbili na unaweza kukigeuza. Satini haisamehi. Kwa gauni lako la kwanza anza na kitenge.

Jambo jingine ni uzi. Kitambaa kina mtande unaokwenda sambamba na pindo la kiwandani, na mshindio unaoukatiza. Kikivutwa kufuata mtande hakikupi kitu. Kikivutwa mshazari kinalegea kama mlenda. Mstari wako sehemu kubwa umelala mshazari, kwa hiyo ukishakata tu, kabla hujakibeba kipande kukipeleka popote, pitisha mshono mmoja wa cherehani karibu na ukingo ili usivutike. Huenda hilo pia lilichangia ule upepo wako wa kifuani. Mshazari huo huo ndio uliompa umaarufu Madeleine Vionnet, fundi wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1876. Alikata magauni mazima mshazari, yakawa yanateremka mwilini kama maji, na mishono yake alikuwa akiijaribu kwanza kwenye mwanasesere mdogo wa mbao. Hili unaweza kuliiga leo hii. Chonga mwanasesere, au mfinyange kwa udongo, umkatie gauni lako kwa mabaki ya vitambaa. Ukikosea mara tano umepoteza viraka vitano.

Umeuliza kama kubuni ni kipaji cha kuzaliwa. Ngoja nikuambie habari za bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwahi kugusa cherehani. Unajua kwamba karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilipokatiza Ugogo ililipa hongo kwa watemi wetu, na hongo hiyo mara nyingi ilikuwa nguo: kaniki, na hii amerikani unayojaribia leo, iliyopata jina kwa sababu ilitoka Marekani. Ugogo umejua thamani ya kitambaa siku nyingi. Bibi alikuwa na kaniki mbili tu. Lakini alikuwa na namna yake ya kuzifunga. Fundo lilikaa bega la kushoto, ncha moja ikazungushwa nyuma na kuchomekwa ubavuni, ikaacha mkunjo mmoja mrefu mgongoni unaocheza kila anapopiga hatua. Nilimtambua kutoka mbali akirudi kisimani kabla sijauona uso wake. Dada zake walifunga vingine, kila mmoja kwa namna yake, mpaka anazeeka. Wewe una mkasi, una karatasi, una miaka miwili ya mafunzo na una kinjia cha mbuzi kichwani. Hujapungukiwa kitu.

Bosi wako mheshimu. Cherehani ni zake, saa zile amezilipia, na mteja aliyeleta picha ana haki ya kupata alichoomba. Lakini aliposema uache kubuni, hapo simuungi mkono. Gauni lako lishone Jumapili, kwa kitambaa chako, ulivae wewe mwenyewe. Na mteja akikuletea picha, muulize kwa upole: "Dada, hapa hasa kimekupendeza nini?" Mara nyingi atakuonyesha kitu kimoja tu, shingo, au namna mkono ulivyojaa. Hicho mpe kama kilivyo. Yaliyobaki mshauriane.

*Fundi habari za kazi. Nina kitenge cha yadi 6, nataka gauni la sketi ya duara kamili inayofika chini. Kiuno changu ni inchi 28. Fundi wangu anasema kitenge hakitoshi, shoga yangu anasema kinatosha. Nani yuko sahihi? — Mpenda duara, Kondoa*

Nzuri dada. Inategemea urefu wako, na hesabu yake ni fupi. Gawa kiuno kwa 6.28: 28 inakupa kama inchi 4 na nusu, nayo ndiyo nusu kipenyo ya tundu la kiuno. Kata kwa inchi 4, ile nusu ni akiba ya mshono. Kitenge kingi kina upana wa karibu inchi 45, hebu pima chako. Kutoka inchi 4 hadi 45 una inchi 41, toa akiba ya mshono na inchi 1 ya pindo, sketi inabaki inchi 39 na nusu. Nusu duara moja inakula inchi 90 za urefu, yaani yadi 2 na nusu. Mbili ni yadi 5. Yadi 1 inabaki ya kifua, mikono iwe mifupi. Kwa hiyo kama kutoka kiunoni hadi unapotaka iishie ni inchi 39, shoga yako yuko sahihi. Kama ni 42, fundi wako yuko sahihi, isipokuwa ukikubali kuunga utepe wa rangi nyingine chini. Mimi ningeukubali. Utepe mweusi chini ya kitenge chenye rangi nyingi hukitia adabu.

Mishono ya ubavuni nayo itakula kiuno kidogo. Ukijaribu ukaona kinabana, chonga robo inchi tu kuzunguka tundu, usiwe na papara: robo inchi ya nusu kipenyo inakupa inchi 1 na nusu ya kiuno. Kuongeza tundu ni rahisi, kulipunguza huwezi.

Na maua. Duara likizunguka, ndege aliyesimama mbele atakuwa amelala ubavuni na kupinduka mahali pengine. Kama kitenge chako kina picha zenye kichwa na miguu, usikate duara, kata sketi ya pande sita. Kikiwa na nukta, magurudumu au mawimbi, duara litakipendeza sana. Ukishashona itundike sketi siku mbili kabla ya kukunja pindo, kwa sababu sehemu za mshazari zitashuka zenyewe, halafu pima kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula ukiwa umeivaa.

*Mama Fundi, mwanangu wa kiume ana miaka 14. Anachukua mabaki ya vitambaa kwa fundi jirani, anashona kwa mkono mikoba na kofia, na nyingine ni nzuri kweli. Mjomba wake anasema hiyo ni kazi ya kike, nimkataze. Nifanyeje? — Mama wa Mpwapwa*

Mama mwenzangu, usimkataze. Mwambie mjomba atembee barazani Mpwapwa mjini ahesabu wanaume waliokaa nyuma ya cherehani, kisha aangalie shati alilovaa na kujiuliza nani alilishona. Mtoto mnunulie mkasi wake mwenyewe, mzuri kadiri utakavyoweza, na muwekeane sharti moja: haukati karatasi, haukati kamba, haukati kitu chochote ila kitambaa. Karatasi inaua makali. Na hizo kofia, kila akimaliza moja aichore kwenye daftari na kuandika vipimo vyake. Baada ya mwaka atakuwa na kitabu chake mwenyewe.

*Mama Fundi, salaam. Mimi ni mstaafu, nilifanya kazi reli miaka mingi, naishi hapa Manyoni. Mke wangu alifariki mwaka jana. Watoto waligawana nguo zake, mimi nikaomba doti moja tu ya khanga aliyoipenda, nyekundu na nyeupe, mji wake una korosho, na imeandikwa WEMA HAUOZI. Nataka nijishonee shati. Nasema nijishonee, sitaki kumpelekea fundi. Cherehani yake ipo, ya miguu, na kijana wa jirani amenifundisha kuiendesha bila kukata uzi. Kinachonitia hofu ni kukata. Nikikosea hakuna khanga nyingine. Na yale maandishi niyapeleke wapi? Kifua changu ni inchi 40. — Mstaafu, Manyoni*

Shikamoo baba. Pole sana. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaenda kunywa chai, nikarudi kuisoma tena.

La kwanza: usikate vipande vyote viwili vya doti. Kimoja kinatosha shati la mikono mifupi, nitakuonyesha hapa chini. Cha pili kibaki kizima.

La pili: hutakata khanga wiki hii wala ijayo. Tafuta shati lako la zamani la mikono mifupi linalokukaa vizuri kuliko yote, ambalo huoni tabu kuliachia. Lifumue lote, mshono kwa mshono, kwa wembe na subira. Vipande vipige pasi vilale bapa, uvipange kwenye karatasi ya kaki, uzungushie penseli. Hizo ndizo patani zako, tena ni bora kuliko ambazo ningekuchorea mimi, kwa sababu zimeshakuvaa. Akiba ya mshono tayari iko ndani yake. Kisha nunua mita 2 za amerikani ushone shati zima la majaribio. Hapo ndipo uogope, ukosee, ufumue. Ukifika kwenye khanga mikono yako itakuwa imeshaifanya kazi hii mara moja.

Sasa khanga yenyewe. Ifue, ianikwe kivulini, ipigwe pasi. Iinue mbele ya dirisha uitazame dhidi ya mwanga. Khanga iliyokunjwa sandukuni muda mrefu huchoka kwenye mikunjo, na utaona mistari iliyopauka. Weka alama kwa chaki, na pale palipochoka usipaweke kwapani wala mabegani panapovutwa.

Khanga ina karibu mita 1.5 kwa mita 1.1, kama inchi 59 kwa 43. Pima yako, maana kufuliwa kunaipunguza. Chukua daftari la mahesabu uichore kwa udogo, sentimita 1 badala ya 10, yaani mstatili wa sentimita 15 kwa 11. Chora pindo pande zote nne, chora jina, yaani yale maandishi, mahali pake, chini katikati. Mimi nimeichora hapa mezani, na nitakueleza nilivyopanga. Wewe ukiona vingine, fuata jicho lako.

Kifua 40, ongeza 6 za kulegea, ni 46. Mgongo unachukua 23, na akiba unafika 24 na nusu. Kila upande wa mbele, pamoja na sehemu ya vifungo na akiba, unakaribia 15. Jumla ni kama 54 na nusu, na khanga ina 59. Weka mgongo katikati. Mbele ya kulia iende ukingoni kabisa mwa khanga upande mmoja, mbele ya kushoto ukingoni upande wa pili, sehemu za vifungo zikiwa nje. Unaona kitakachotokea, baba? Pindo la pembeni la khanga litateremka kifuani, huku na huku ya vifungo, na pindo la juu litalala mabegani. Shati litakuwa na fremu yake, ile ile aliyokuwa nayo yeye alipojitanda. Urefu wa shati ni inchi 31 na pindo lake. Chini zinabaki kama 12.

Kwenye hizo 12, mikono inakaa kona mbili, kila mmoja upana wa kama 18, na pindo la chini la khanga linakuwa ukingo wa mkono. Katikati, kati ya mikono miwili, ndipo jina lilipo.

Wengi wangekuambia uliweke mgongoni, nje, lisomeke. Ni shauri zuri, na ukilitaka nitakueleza. Lakini nilipokuwa nachora nilijikuta naliweka kwingine. Ndani ya shati, kutoka bega hadi bega, huwa kuna bitana ya mabega, kipande chenye urefu wa inchi kama 19 na kimo cha 5, kinachoshikilia mshono wa bega na shingo. Ikate bitana hiyo kwenye jina. Maandishi yatazame ndani. Watu barabarani wataona shati jekundu la korosho. WEMA HAUOZI itakaa mabegani mwako, itagusa ngozi, na utaisoma kila asubuhi unapolishika shati kulivaa. Pima kwanza urefu wa maandishi. Yakizidi bega usikate herufi hata moja: yafanye utepe mrefu zaidi, uushone ndani ya mgongo chini kidogo ya mabega, ambapo shati ni pana.

Kola itatoka kwenye mabaki ya juu na chini ya jina. Ifanye kola ya wazi isiyo na shingo ya kusimama, ndiyo rahisi kuliko zote. Kipande cha chini ya kola hata ukikiunga hakuna atakayekiona.

Cherehani ivalishe sindano mpya namba 11, siyo ile nene ya vitenge, na uzi wa pamba. Urefu wa mshono uwe wa kati. Tundu zilizobanana sana kwenye kitambaa kilichochoka hukikata kama stempu. Mishono ya ubavuni ikunje mara mbili ili ukingo ufichwe ndani, shati litadumu.

Siku ya kukata, kata asubuhi kabla upepo haujaamka, mlango umefungwa, mwanga wa dirishani. Bana karatasi kwenye khanga kwa pini nyingi. Anza na mkono mmoja, kwa sababu mkono ukiharibika unaweza kuungwa. Kisha bitana yenye jina. Mgongo uwe wa mwisho, wakati mkasi umeshazoea kitambaa na wewe umeshapumua. Khanga ikatwe ikiwa mezani yote, isining'inie. Kama meza haitoshi, tandika mkeka safi sakafuni.

Mabaki yote yaweke kwenye mfuko, hata nyuzi. Vipande vidogo vya korosho vitakufaa kufunika vifungo kama utataka.

Kola ya kwanza huwashinda watu wengi pale kwenye ncha. Ukikwama niandikie kabla hujafumua, unieleze ni ncha ya upande gani, na toleo lijalo nitakuchorea hatua zake moja moja.